Vitufe Alivyovipanga Mama Mkwe

Kompyuta yenyewe ilikuwa na rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na kasha lake lilitosha kukaliwa na mtu mnene akapumzika vizuri tu. Juu yake palikuwa na duara la kahawia, alama ya kikombe cha moto. Bi Chapa alipoliona duara lile dukani kwa Fundi, alisimama akashika kiuno.

"Huyu namjua," alisema. "Na kikombe kilichomchoma nakijua. Kilikuwa cha bosi, naye aliapa mbele ya ofisi nzima kwamba si yeye."

Fundi alikuwa mtoto wa kaka yake, mtu mzima mwenye mvi tatu kwenye ndevu na duka la kutengeneza vitu ambavyo wenzake walishavitupa. Kulikuwa na redio za mbao, televisheni zenye visogo virefu, vishikio vya michezo ya kwenye skrini vilivyosokotana nyaya kama nywele zisizochanwa, na bastola ya plastiki ya kuwindia bata wa kwenye skrini. Kompyuta hii aliipata ofisi moja ilipokuwa inahama na kutupa vya zamani. Ofisi hiyo ndiyo aliyofanyia kazi Bi Chapa miaka ishirini na sita: mwanzoni kwa taipureta, na miaka tisa ya mwisho kwa mashine hii hii.

Tangu astaafu, Bi Chapa alikuwa na simu ya kupapasa aliyonunuliwa na mwanawe. Aliandika kwa kidole gumba kimoja, taratibu, kama anayemlisha kifaranga mgonjwa. Vidole vingine tisa vilikaa bure mchana kutwa, vinacheza juu ya mapaja yake wakati wa taarifa ya habari, vikipiga chapa kila neno alilosema mtangazaji. Aliitaka mashine hii kama mtu anavyotaka kujikuna.

Ila hakuwa peke yake. Alikuwapo Daktari wa Meno, bwana mtaratibu, mwenye kabati la vioo nyumbani kwake. Ndani ya kabati hilo kulikuwa na kompyuta kumi na moja za zamani, zimepangwa kwa umri, na hakuna hata moja aliyowahi kuiwasha kwa kuogopa kuiunguza. Safu ilibaki na pengo moja, na pengo hilo lilikuwa la mashine hii. Daktari wa meno na pengo, jamani! Alikuwa hapati usingizi.

Fundi hakutaka hela ya mtu. "Nataka iende kwa atakayeitumia," alisema. Lakini akimpa shangazi yake, mtaa mzima utasema ni undugu. Akimpa Daktari, shangazi yake atamsema yeye, na huyo alimwogopa kuliko mtaa. Mkewe naye alishakata kauli: Jumatatu lori la chuma chakavu linapita, na chochote kilichobaki kwenye meza ile kinapanda lori.

Basi Fundi akaamua washindane. Ndani ya mashine kulikuwa na mchezo wa kufundishia kuchapa. Maneno yanaanguka kutoka juu ya skrini, na chini zimejipanga nyumba kumi. Ukiliandika neno kabla halijatua, linapasuka. Likitua, linabomoa nyumba. Maneno ni hamsini. Atakayebaki na nyumba nyingi mwishoni ndiye mwenye mashine, na wote wawili wakibomokewa zote kumi, basi, lori.

Alhamisi Fundi aliijaribu mashine ikafanya kazi barabara, akaujaza mchezo maneno yake mwenyewe. Ijumaa akasema herufi zimeshika uchafu, hazifai kuguswa na wageni. Akavibandua vitufe vyote vya herufi, akaviloweka kwenye beseni la sabuni, akavianika kwenye sinia, akatoka kwenda kutengeneza televisheni ya mtu.

Hapo ndipo alipoingia mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa amekuja kumtembelea bintiye kwa wiki mbili, na alikuwa mwanamke asiyeweza kuona kitu hakijapangwa akakiacha. Viatu vya nyumba nzima alishavipanga kwa ukubwa. Vikombe vyote vilitazama dirishani. Alipoviona vile vitufe vimetapakaa kwenye sinia, roho yake haikutulia. Akavaa miwani, akavuta kigoda, akavirudisha kimoja kimoja mahali pake, kwa mpangilio alioufundishwa darasa la kwanza na ambao hakuna aliyewahi kumwambia kuwa una mwenzake: A, B, C, D, mpaka Z.

Jumamosi asubuhi Bi Chapa alifika wa kwanza. Akaitazama kibodi. Akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena.

"Shikamoo shangazi," Fundi alisema haraka, akamshika mkono, akamtoa mpaka barazani. "Shangazi, umeona?"

"Nimeona. Nani kaivuruga?"

"Mama. Kafanya kwa moyo wake wote. Kaniita, kanionyesha, kasema, 'Mwanangu, waliokutengenezea walivipanga ovyo, nimekusaidia.' Ningesema nini?"

"Ungesema asante."

"Nimesema. Mara mbili. Na kasema leo atakaa pale pale ashuhudie watu wanavyochapa kwa raha. Nikivigusa mbele yake, mke wangu hatanisemesha mpaka mwakani." Jasho lilimtoka kwenye mvi zake tatu. "Nakuomba, usimwaibishe mama mkwe wangu."

Bi Chapa akakunja uso kwa huzuni kubwa. Moyoni alikuwa anacheza ngoma. Maana kubadilisha kofia za vitufe hakubadilishi kilicho chini yake: ukibonyeza mahali pa Q, mashine itaandika Q hata ukiibandikia picha ya ng'ombe. Anayetafuta herufi kwa macho amekwisha. Na yeye Bi Chapa hakuwa ameangalia herufi kwa miaka arobaini.

"Kwa heshima ya wakwe," alisema, "nitaufunga mdomo."

Daktari wa Meno alifika amevaa shati lililopigwa pasi, na glavu nyeupe za pamba mfukoni. Mama mkwe alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele, mikono kwenye magoti, kama mzazi siku ya kutoa matokeo.

Daktari akavaa glavu, akainamia kibodi. Alikuwa hachapi mara kwa mara, kazi hiyo alifanyiwa na msaidizi wake, na hakukumbuka hata kidogo herufi hukaa wapi. Alichokiona ni kitu kingine.

"Meno haya yamekaa vibaya," alisema. "Mengine yameinuka, mengine yamelala. Nani aliyapandikiza?"

Fundi akakohoa mpaka akashika meza.

"Kila kitufe kina mlalo wake kulingana na mstari," Bi Chapa alimnong'oneza. "Anza tu, Daktari. Usiwe na wasiwasi."

Mchezo ukawaka. Neno la kwanza likaanza kushuka: PAKA. Daktari akaitafuta P, akaiona katikati, akaibonya. Akaiona A, ya kwanza kabisa juu kushoto. "Ee, hii imepangwa vizuri sana!" alisema kwa furaha.

"Umeona eeh?" mama mkwe alijibu.

Kwenye skrini paliandikwa HQAQ. Paka akatua, nyumba ikaanguka.

Likashuka SIMU. Daktari akabonya, S, I, M, U, kila moja kwa kidole kilichonyooka kama anagonga jino kusikiliza kama limeoza. Skrini ikaandika LODX. Likaja MEZA, likawa DTMQ. Kadiri alivyobonyeza kwa nguvu ndivyo mashine ilivyozidi kusema lugha ya kwao. Maneno kumi yalishuka, nyumba kumi zikaanguka, na Daktari akavua glavu zake akazikunja.

"Mashine mbovu hii," alisema. "Ina ugonjwa."

"Haina ugonjwa, baba," mama mkwe alisema kwa upole. "Labda kidole kimekosea. Hutokea."

Ikawa zamu ya Bi Chapa. Alisogeza kiti kwa madaha. Alinyoosha vidole, akaviliza maungio kimoja kimoja ili Daktari asikie. Akatazama skrini, si kibodi, akashusha mikono, na vidole vyake viwili vya shahada vikaenda vyenyewe kuvitafuta vile vijivimbe viwili vidogo vilivyo kwenye F na J, ambavyo ndivyo humjulisha mchapaji kwamba mikono imefika nyumbani.

Vijivimbe akavipata. Akaanza.

Neno KALAMU likamgeuka likawa takataka. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapapasa nje kabisa ya herufi, kidole kidogo kinaning'inia hewani kama kimekwenda matembezini. Nyumba ikaanguka. Likaja SHATI, takataka. Nyumba ya pili. Bi Chapa akahisi masikio yake yanapata moto. Kumbe mama mkwe alipovihamisha vitufe, vijivimbe navyo vilihama! F ilikuwa imekaa kwa Y, na J imekwenda ukingoni kabisa, na yeye, mjanja wa kuwacheka wenzake, alikuwa ameketi kwenye nyumba ya watu.

Nyumba ya tatu. Ya nne. Ya tano.

"Mashine mbovu," alirudia Daktari, sasa kwa matumaini fulani.

"Nyamaza, Daktari, usinichanganye!"

Akataka kuangalia chini. Akaangalia. Lilikuwa kosa, maana herufi zile zilimvuruga kabisa. Macho yanasema hivi, vidole vinasema vile. Ya sita. Ya saba. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliliwaza lile lori: akamwona mtu wa chuma chakavu akilirusha juu kasha lenye duara la kikombe, na yeye nyumbani na kidole gumba chake kimoja. Ya nane.

Akavua mtandio wake, akaurusha juu ya kibodi na mikono yake, vyote vikafunikwa.

"Mbona unafunika kazi yangu?" aliuliza mama mkwe.

"Naikinga na vumbi, mwenzangu."

Chini ya mtandio ikawa giza, na ndani ya giza lile vidole vyake vikawa tena vya msichana wa miaka kumi na tisa, darasani, ambaye mwalimu wa chapa alimfunika mikono kwa taulo ili asichungulie. Taipureta za siku zile hazikuwa na vijivimbe vyovyote. Mtu alianzia ukingoni. Kidole kidogo cha kushoto kikatafuta kile kitufe kipana cha pembeni, ambacho mama mkwe hakukipa herufi wala hakukihamisha, kikasogea hatua moja kulia, kikatulia. Vingine vikajipanga nyuma yake kama watoto wa shule.

Nyumba ya tisa ilianguka wakati anajipanga.

Neno lililofuata lilikuwa DIRISHA. Likapasuka kabla halijafika katikati.

Hapo mtandio ulianza kutetema. Sauti ilitoka chini yake kama mvua ya mawe kwenye bati. BARUA, pyaa. KABATI, pyaa. MSHAHARA ulipasuka ukiwa bado unachungulia juu. Bi Chapa hakuwa anapumua. Midomo yake ilisoma tu, na nyumba moja ile ya mwisho ilisimama pale chini, peke yake, ina mlango na dirisha moja. Maneno yalizidi mbio. La arobaini, la arobaini na tano. La arobaini na tisa lilikuwa MKURUGENZI, neno ambalo alilichapa mara elfu kumi maishani na hajalipenda hata mara moja, na alilipasua kwa raha ya pekee. La hamsini, CHAI. Pyaa!

Nyumba moja ikabaki imesimama. Fundi akapiga makofi, kisha akakumbuka kuwa yeye ndiye mwamuzi, akaficha mikono nyuma.

Lakini Daktari hakuwa mjinga. Aliuinua ule mtandio kwa ncha ya kidole, akaitazama kibodi kwa mara ya kwanza kama msomaji na si kama mtu wa meno. Akatazama kibodi ya kompyuta nyingine iliyokuwa rafuni. Akarudi.

"Hebu ngojeni kidogo! Herufi hizi zimepangwa A, B, C! Si mahali pake hapa! Ni nani aliyefanya..."

"Mimi," alisema mama mkwe. "Kuna ubaya, baba?"

Fundi alitazama dari. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli mkononi, alimtazama Daktari kwa jicho ambalo lingeng'oa jino bila sindano. Daktari alimtazama bibi yule aliyekaa wima, mikono kwenye magoti, uso umejaa matumaini. Naye alikuwa na mama mkwe wake.

"Hakuna ubaya, mama," alisema. "Nilitaka kumpongeza aliyefanya."

"Ahsante. Vijana hawa hawajui kupanga. Ngoja niwaonyeshe mnavyokosea." Akainuka, akaketi mbele ya mashine. Mchezo ulikuwa umekwisha, mstari mtupu unapepesa. "Nitaandika BINTI. B hii hapa. I. N. T. I."

Akainua uso. Skrini ilisema WOFZO.

Bi Chapa aliuma ulimi mpaka machozi yakamlenga. Mama mkwe aliisogelea skrini, akaisoma herufi kwa herufi, akarudi nyuma, akaitazama mashine nzima kwa masikitiko, kama mwalimu aliyepewa darasa la watoro.

"Wofzo," alisema. "Miaka yote hiyo imekaa ofisini na watu waliosoma, halafu haijui hata B. Mwanangu, hii umeletewa haijasoma."

Daktari ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya televisheni, na wote wakamfuata, mama mkwe akiwa mbele kabisa, akijua ni mashine inayochekwa.

"Ichukue, Bi Chapa," Daktari alisema akijifuta macho. "Hata ingekuwa imepangwa kama zamani, ningekuwa bado naitafuta P. Ila nina ombi. Ile sauti, ile ya chini ya mtandio. Mimi ninazo kumi na moja na sijawahi kuisikia."

"Njoo Jumapili alasiri. Na uje na moja ya zile zako, tuiwashe."

"Ikiungua?"

"Fundi yupo."

Daktari alibeba skrini mpaka kwenye gari lake, akajitolea kumfikisha Bi Chapa nyumbani na mzigo wake. Fundi alibeba kasha. Mama mkwe aliichukua kibodi kwa mikono miwili, akampa Bi Chapa kama anamkabidhi mtoto.

"Utaiweza, mwenzangu?"

"Nitaifundisha, dada. Nitaanza na A."