Dereva Anayelala

Pale kwenye ghala la dawa walimwita Kamusi, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Ukimwambia umesahau paswedi, alikujibu, "Nywila." Ukiomba mausi mpya, alikuwekea mezani "kipanya" na kukukodolea macho mpaka urudie. Mtunza ghala, mama mmoja mwenye mdomo mwepesi, alizoea kumchokoza: "Kamusi, na chai kwa Kiswahili inaitwaje?" Kamusi hakucheka. Yeye ndiye fundi wa kompyuta wa kampuni nzima, na aliamini kwamba mtu anayebananga lugha hubananga na kazi.

Kazi yenyewe aliipata kwa mgongo wa mjomba wake. Mjomba alikuwa dereva wa gari la kusambaza dawa, mtu wa siku nyingi pale, na ndiye aliyempigia debe kwa meneja. Kila asubuhi walikuja pamoja kwenye gari hilo, Mjomba kwenye usukani, Kamusi pembeni yake, kichwa kimeinamia simu.

Kisha oda zikaanza kuchelewa. Zahanati na maduka ya dawa yalituma oda zao kwa mtandao, zikaingia kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma, ambayo Kamusi mwenyewe aliiwekea mfumo endeshi wa Linux kwa mbwembwe nyingi. Sasa mtandao ulikuwa unakatika bila kuaga. Kile kitaa cha kijani pale waya unapochomekwa kinazimika, oda zinabaki hewani, na gari linaondoka nusu tupu. Wateja walipiga simu wakifoka. Meneja, mwanamke asiye na subira na maelezo marefu, alimwita Kamusi akamwambia, "Nataka taarifa. Fupi. Nijue tatizo liko wapi."

Kamusi alijifungia na ile mashine wiki nzima. Alibadilisha waya. Akauhamishia kwenye tundu jingine. Akasoma kila ujumbe uliotolewa na mashine, mstari kwa mstari, hata kwenye gari asubuhi alikuwa akisoma kwenye simu watu wengine waliopatwa na masaibu hayohayo wanasemaje. Mwishowe akambana mkosaji. Ilikuwa draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Linux kuelewana na kadi ya mtandao. Kazi ikipungua kidogo tu, draiva inajilaza ili kuokoa umeme, na ikishalala haiamki. Unaiondoa, unaipakia upya, inachapa kazi vizuri. Ukienda kunywa chai, ukirudi imeuchapa usingizi.

Sasa, mafundi wote husema draiva na maisha yanaendelea. Kamusi hakuweza kuandika kitu kama hicho kwenye taarifa rasmi. Alianza na "kiendeshaji," akakifuta, maana alijua meneja ataguna na kuitupa karatasi. Alitaka neno safi lakini jepesi, ambalo mtu yeyote angelielewa. Akalipata, akatabasamu peke yake. Dereva. Na kwa kuwa neno dereva lina ngeli yake, mkono wake haukukubali kuandika "imelala." Aliandika "amelala."

"Chanzo cha oda kuchelewa ni dereva," ilianza taarifa. "Dereva huyu haaminiki. Hulala kazini bila kutoa ishara yoyote, na akishalala haamki mpaka aamshwe kwa nguvu. Nimejaribu kumwondoa na kumrudisha, anafanya kazi kidogo kisha analala tena. Amepitwa na wakati. Napendekeza aondolewe, awekwe mpya."

Chini yake alibandika ile mistari ya mashine, ambayo hakuna meneja aliyewahi kuisoma. Akaituma. Kusema kweli aliionea fahari, akairudia kuisoma kwa sababu tu ya utamu wa lugha.

Kesho yake akagundua kwamba hata hakukuwa na haja ya draiva mpya. Mstari mmoja tu kwenye mipangilio, wa kuikataza isijilaze, ulitosha. Aliuandika, akaiwasha mashine upya, akakaa akikitazama kile kitaa cha kijani asubuhi yote. Hakikuzimika. Akaenda kwa meneja kifua mbele kupeleka habari njema.

"Ingia," meneja alisema. "Afadhali umekuja."

Mjomba alikuwa amesimama mbele ya meza, kofia mkononi. Funguo za gari zilikuwa mezani. Mtunza ghala alikuwa karibu na kabati akitazama sakafu, naye si mtu wa kutazama sakafu. Meneja alikuwa ameishika ile taarifa.

"Mzee, mpwa wako mwenyewe ameandika kwamba unalala kazini. Ni kweli au si kweli?"

Kamusi alielewa papo hapo. Angefungua mdomo wakati ule, mambo yangeishia kwenye kicheko. Lakini alimwona mtunza ghala pale kabatini, akakisikia kisa chake kikisimuliwa ghala zima mpaka kwa wapakiaji: Kamusi wa watu, hajui tofauti ya draiva na dereva! Akajiambia lazima iwepo namna ya kulieleza jambo hili bila kuonekana mpumbavu. Alikuwa anatafuta neno.

Mjomba akamtangulia.

"Ni kweli, Mama," alisema. "Mke wangu tangu apooze hawezi kujigeuza. Usiku namgeuza mimi, namsafisha mimi. Asubuhi macho yanakuwa mazito. Juzi yalifumba nikiwa barabarani. Kuyafumbua, niko upande usio wangu na lori linanipigia honi. Huyu alikuwa pembeni yangu. Nilidhani hakuona, kumbe aliona." Alimgeukia Kamusi. "Sikulaumu, mwanangu. Ungeniambia nyumbani kwanza, lakini sikulaumu."

Kamusi hakuwa ameona kitu. Honi aliikumbuka. Aliinua macho kutoka kwenye simu, akasema, "Watu siku hizi hawajui kuendesha," akayarudisha.

"Si wewe, Mjomba," alisema. "Mama, si yeye. Ni draiva. Draiva ya kadi ya mtandao, ile programu. Mjomba hamo humo kabisa."

Mtunza ghala kicheko kikamponyoka. Meneja aligeuza karatasi, akaiona ile mistari ya mashine, naye akaangua kicheko mpaka akashika meza. Mjomba alikuwa akiwatazama huyu na huyu, akitabasamu kidogo, kama mtu aliyefika katikati ya mzaha.

"Kwa hiyo hukuniandika mimi?"

"Hapana, Mjomba."

"Na mimi nimeshasema."

Kicheko kilikatika. Meneja alizitazama funguo. Alizigusa, kama anayetaka kuzisukuma zirudi upande wa pili wa meza, kisha akaziacha pale pale.

"Mzee," alisema kwa upole, "lori. Siwezi kujifanya sikusikia."

"Najua, Mama."

Mjomba hakumwaga unga. Walimhamishia getini, na meneja alihakikisha anapata zamu ya mchana tu. Kamusi siku hizi anasema draiva, anasema paswedi, na hakuna anayemcheka. Mtunza ghala ameacha kumchokoza, na hilo linamuuma kuliko angetaniwa kutwa. Anakuja kazini kwa miguu. Akilikaribia geti uso unamshuka, anasalimia akitazama viatu vyake.

Asubuhi moja Mjomba alimsimamisha.

"Yule dereva wako wa kwenye mashine, mlimfukuza?"

"Hapana, Mjomba. Yupo."

"Halali tena?"

"Halali. Nilijua kinachomlaza, nikakiondoa."

Mjomba alitikisa kichwa taratibu. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na Kamusi angeshukuru kama ingekuwapo.

"Ilikuchukua muda gani kukijua?"

"Wiki nzima, Mjomba."

"Wiki nzima," Mjomba alisema. "Na kila asubuhi tulikuwa tunakuja wote."

Honi ililia nje. Lilikuwa gari la dawa, na kijana mgeni kwenye usukani. Mjomba alivaa kofia yake vizuri, akaenda kumfungulia geti.