Mkono wa Mke Wangu Ulivyokufa Ganzi

Naapa kwa macho yangu yote mawili, hata hili la kushoto lenye mtoto wa jicho, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Sijaongeza chumvi. Chumvi yenyewe daktari kanikataza.

Mimi ni mchora katuni. Sikufundishwa na mtu. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtunza stoo, nikichora nyuma ya maboksi kila malori yalipochelewa, na nilipostaafu mkono ulikuwa umeshaiva. Niliwahi kuchora paka kwenye ukuta wa stoo, panya wakahama kabla rangi haijakauka. Siku nyingine nilichora wingu la mvua nikaliacha mezani, mke wangu akatoka mbio kuanua nguo. Muulizeni. Atakana, lakini muulizeni.

Kitabu chetu kinaitwa Mlinzi wa Zamu. Ni habari za mlinzi anayelala fofofo kazini, na wezi wenye huruma ambao kila wakija kuiba humfunika blanketi kwanza. Picha nachora mimi. Maneno anaandika mke wangu, yale yanayokaa ndani ya viputo vyeupe juu ya vichwa vya watu, kwa sababu mwandiko wangu kuku akiuona ataomba kalamu aandike mwenyewe. Mke wangu alikuwa mpokea simu kwenye ofisi kubwa. Miaka yote hiyo alisikiliza watu wakidanganya, wakibembeleza, wakigombana na kukatiana simu, na hakusahau hata mmoja. Kurasa zikikamilika tunazipeleka duka la fotokopi, tunazikunja na kuzipiga stepla kwenye meza yetu ya kulia, kisha Jumamosi tunaziuza kwenye baraza ya maktaba, pamoja na wenzetu wanaojichapishia wenyewe.

Hapo barazani ndipo wivu uliponikuta.

Mchora katuni hatazami mkono wa mteja, anatazama macho yake yanatua wapi. Yalitua kwenye kiputo. Yakaruka, yakatua kwenye kiputo kingine. Picha zangu, nilizozipigia wino mpaka shingo ikakakamaa, yalizivuka kama mtu anavyovuka dimbwi. Nikajipa moyo kwamba wana haraka. Mpaka siku alipokuja mama mmoja mwenye kapu, akafungua kitabu, akacheka, akampigia dada yake simu na kumsomea ukurasa mzima. Huyo dada, huko aliko, aliangua kicheko nikakisikia mpaka kwangu.

Katuni! Kwa simu! Bila picha hata moja!

Mke wangu alijifanya anapanga vitabu, lakini niliyaona mabega yake yakicheka.

Tangu siku hiyo nikaanza kuchora kwa kujaza. Mlinzi akilala, juu yake nikaweka mti, juu ya mti kunguru, juu ya kunguru nyaya za umeme, juu ya nyaya mawingu, mpaka picha ikakosa pa kuchomeka sindano.

"Mzee," mke wangu akauliza, kalamu hewani, "hawa watu wangu waseme wapi?"

"Waseme kwa macho."

"Kwa macho. Haya."

Akatafuta upenyo kati ya kunguru na waya, akachomeka neno moja: "Ala!" Basi. Jumamosi ile baraza nzima walikuwa wakiambiana "Ala!" Msimamizi wa maktaba alitoka kuja kuwanyamazisha, akanunua viwili, akarudi ndani anasema "Ala!"

Sasa, jirani yetu wa meza ni kinyozi. Naye anachora, mteja mmoja akiondoka na mwingine hajafika. Anachora vizuri, kwa mtu anayependa vitu vilivyochorwa vizuri. Lakini watu wake wakifungua mdomo, wanaongea kama tangazo lililobandikwa mlangoni mwa ofisi. Mwanamke kamfumania mumewe, anamwambia: "Mpenzi, ninakujulisha kwamba nimekasirika." Vitabu vyake nilikuwa navisoma kwa raha sana.

Jumamosi moja mke wangu alibaki nyumbani na mafua. Kinyozi akasogeza stuli yake.

"Mzee wangu, nina kitabu kipya. Ila maneno yananishinda, si unaniona?"

"Nakuona."

"Nataka nimwombe Mama aniandikie. Nimeanzia kwako, kwa heshima."

Akanipa kurasa. Moyo ukanilipuka paa! Na wala si kwa ajili ya picha. Katika kila picha alikuwa amemwachia mke wangu nafasi. Nafasi kubwa, nyeupe, mahali pazuri kuliko pote, na watu wake wamesimama pembeni kama wanaompisha bibi harusi. Mimi, katika ndoa yote hii, sijawahi kumwachia hata pa kutua mkato.

Nikajua akiziona kurasa hizi nimempoteza. Nitabaki mezani na kunguru wangu.

"Pole, mwanangu," nikasema, nikimrudishia kurasa zake. "Mama mgonjwa. Mkono wa kuandikia umekufa ganzi."

"Jamani! Tangu lini?"

"Ghafla tu. Alikuwa anaandika 'Ala', akaishia kwenye A."

Uongo ukishazaliwa unataka kulishwa. Jumamosi iliyofuata ganzi ilikuwa imepanda kiwikoni. Iliyofuata tena ilikuwa begani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimnywesha supu kwa kijiko. Wenzetu wa barazani walinionea huruma mpaka nikaanza kujionea mwenyewe. Nyumbani nako nilimwambia mke wangu asitoke, kifua chake bado, na barazani kuna vumbi.

"Na kinyozi hajambo?" akaniuliza.

"Kaacha katuni. Kasema bora arudi kwenye vichwa."

"Maskini. Na alikuwa anachora vizuri."

Neno hilo lilinichoma kama pasi. Mimi sijawahi kuambiwa. Nikaenda chumbani nikamwongezea mlinzi mawingu.

Wakaja Jumapili bila taarifa, kinyozi mbele, wenzetu nyuma, mfuko wa matunda mkononi na nyuso za matangani. Mlango ulikuwa wazi. Mimi nilikuwa nimejinyoosha kwenye kochi. Mke wangu alikuwa amesimama juu ya stuli anapigilia msumari wa pazia, kwa mkono ule ule.

"Shikamoo Mama," kinyozi akasema kwa sauti ya wodini. Kisha akaiona nyundo.

"Marahaba, baba. Karibuni. Mbona sura hizo, nani kafa?"

"Tumekuja kukupa pole. Ya mkono."

"Mkono upi?"

Wote wakanitazama mimi. Mke wangu naye akageuka, polepole, nyundo haijashuka.

"Kapona!" nikaruka. "Sasa hivi! Mmeshuhudia wenyewe! Mlipopiga hodi tu, damu ikatembea!"

"Hatukupiga hodi," kinyozi akasema.

"Mzee," mke wangu akaniita.

"Naam."

"Nimekaa kwenye simu miaka yote ile. Mtu akitaka kudanganya namsikia anavyovuta pumzi. Keti."

Nikaketi. Kinyozi akaeleza yote: ganzi, kiwiko, bega, supu. Alipofika kwenye herufi A wenzetu walishindwa kujizuia, wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mke wangu hakucheka. Alishuka kwenye stuli, akaketi, akapokea zile kurasa alizokuja nazo kinyozi, akaziweka magotini. Akawa anapitisha kidole ndani ya ile nafasi nyeupe, picha hadi picha, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani.

"Hapa pote ni pangu?"

"Pako, Mama."

Nilisubiri anitukane. Matusi yangekuwa nafuu. Alisema tu, bila kunitazama, "Kumbe. Nilidhani katuni zote ndivyo zinavyobana."

Niliwahi kuona wivu wa kuuma. Huu ulinifanya niwahesabu kunguru wangu, mmoja mmoja.

"Nitakuandikia," akamwambia kinyozi. "Lakini tuanze na hadithi nyingine. Kuna mzee mmoja anamuua mkewe kipande kipande, anaanzia vidoleni."

"Huyo mzee namchora mimi?" kinyozi akauliza, macho yanang'aa.

"Wewe. Mtazame vizuri, huyo hapo kwenye kochi."

"Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe utakunja. Utapiga stepla. Utakaa kwenye meza ya kinyozi uuze mpaka nakala ya mwisho. Halafu, ukitaka kurudi kwa Mlinzi wetu, niletee ukurasa wenye nafasi. Ukiniletea kunguru, nitakuwa nawaandikia wengine."

Mwenye nyundo ndiye mwenye kauli.

Ndiyo maana haya nayaandika nikiwa nyuma ya meza isiyo yangu, vidole vimeota sugu ya stepla. Kitabu kinakwenda kama maji. Leo kaja bwana mmoja mwenye miwani, akasoma ukurasa wa kwanza akicheka, akafika wa pili, kicheko kikasimama. Akaikazia macho picha. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye picha. Mchora katuni hungoja maisha yake yote atazamiwe picha namna ile, na iliyotazamwa si yangu.

"Samahani, mzee. Huyu mwongo si wewe?"

Jibu nilikuwa nalo, tena zuri, lina ndani yake pacha wangu aliyepotelea ng'ambo. Nikafungua mdomo. Upande wa pili wa meza mke wangu akainua kichwa, akasubiri.

"Ni mimi," nikasema.

"Kakupatia hasa, mpaka masikio!"

"Pua kaizidisha," nikasema, nikamfungashia viwili.