Misumari Mdomoni

"Baba, leo tunakwenda au hatuendi?"

Nyundo ilijibu badala yake. Ko, ko, ko. Fundi alikuwa amepiga goti mbele ya kochi la watu watatu, midomo ameibana, na katikati ya midomo hiyo ncha za misumari midogo zikichungulia kama meno ya panya. Aliusukuma mmoja kwa ulimi, akaunasa kwa sumaku ya nyundo, akaupigilia kwenye ukingo wa kitambaa. Kisha mwingine.

Binti yake aliijua janja hiyo tangu utotoni. Mteja akija juu kwamba kochi lake limecheleweshwa, Fundi anajaza misumari mdomoni. Marehemu mama, akitaka kujua mumewe alikuwa wapi hadi saa hizi, misumari. Mafundi wote wa mtaa walikwisha kuhamia kwenye bunduki ya pini, inayofyatua pini bila nyundo wala misumari. Yeye hakutaka hata kuigusa. Bunduki ya pini, binti aliwaza, haimpi mtu kisingizio cha kunyamaza.

Na tangu wiki iliyopita, tangu daktari atamke maneno yale, mdomo wa baba haukuwa umeishiwa misumari.

Saratani ya titi. Baba alikuwa amemwambia wanakwenda kuchukua majibu ya kifua, basi. Kwa hiyo binti alipoyasikia maneno yale alidhani daktari amechanganya wagonjwa. Titi la nani? Lakini daktari alikuwa akimtazama baba, mwanamume mwenye mikono kama koleo, aliyekuwa amefungua vifungo vya shati na kukodolea macho ukuta. Uvimbe mgumu upande wa kushoto, na chuchu yenyewe imevutwa ndani kama kifungo kilichokazwa kwenye mgongo wa kochi. Miezi yote hiyo alikuwa akisema amegongwa na mkono wa kiti.

"Wanaume nao huugua," daktari alisema. "Ni wachache, ndiyo maana wengi hawajishuku mpaka wamechelewa. Wewe, mzee wangu, hujachelewa. Tukiutoa sasa, nina matumaini makubwa. Wiki ijayo uje na jibu, tupange upasuaji."

Wiki ijayo ndiyo hii leo.

Binti naye akaamua kununa. Alichukua mahameli ya kijani, akauvisha mgongo wa kochi, akavuta, akapigilia, akavuta tena kwa hasira hadi vidole vikamwuma. Alipomaliza, Fundi aliinuka, magoti yakalia, akapitisha kiganja kwenye kitambaa kutoka juu kwenda chini kama anayempapasa paka. Kiganja kikakwama. Akapitisha tena. Kisha akatema misumari mkononi, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Mama," alisema. Ndivyo alivyomwita bintiye, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake. "Umelaza manyoya ya mahameli kichwa chini."

Binti akarudi nyuma akatazama. Kweli. Kwenye mwanga wa mlangoni sehemu ya kukalia ilikuwa ya kijani na mgongo mweusi, utadhani makochi mawili yamelazimishwa kuoana. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Nani ataona?" alisema, amechoka.

"Mimi nimeona."

"Wakiliweka gizani kidogo, kwenye kona..."

"Fumua."

"Lote?"

"Lote! Nani alikufundisha kufunika kosa, wewe?"

Maneno yalitoka, yakabaki yamesimama kati yao. Binti alimtazama tu baba yake, na baba yake akajikuta mkono umekwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto. Aliushusha haraka. Akanyoosha mwingine kwenye kopo la misumari.

Binti alimuwahi. Alilinyakua kopo, akalikalia.

"Leo huli misumari. Leo utasema."

"Niseme nini?"

"Chochote, baba."

Fundi aliketi kwenye fremu tupu ya kiti cha mteja mwingine. Akakuna kidevu. Akakohoa. Mtu asiye na misumari hana pa kujificha.

"Siku ile," alisema hatimaye, "tulipokwisha kutoka kwa daktari, muuguzi alipokuja kumwita mgonjwa wa titi akapimwe damu, alikushika mkono wewe. Nami nikakuacha ushikwe. Ukafika naye hadi mlangoni ndipo akagundua. Baba gani huyo, anayemwachia mtoto ugonjwa wake?"

"Nilidhani hukusikia."

"Nilisikia. Nilikuwa natafuta misumari mfukoni."

Binti alitaka kulia, kikamtoka kicheko. Baba naye akatabasamu kwa pembeni.

"Wakinikata, hawa vijana wa gereji ya jirani watasema Fundi amekwenda kumwachisha mtoto ziwa."

"Watasema, watachoka. Halafu watakuletea viti vyao vilivyobonyea. Baba, mimi nikupoteze kwa ajili ya midomo ya gereji?"

Fundi alilitazama kochi lenye rangi mbili. Akajipangusa vumbi la sponji magotini.

"Funga mlango," alisema. "Tutakuja kulifumua jioni."

Ukumbi wa hospitali ulikuwa na benchi moja refu, na benchi lote wanawake. Mmoja, mnene, kilemba kimefunika kichwa kisicho na nywele, alisogea kwa mbwembwe.

"Karibu, shemeji. Umemsindikiza binti?"

Fundi aliitikia kwa kichwa, akaketi, akazama. Papo hapo akainuka. Akainama, akabonyeza kwa dole gumba. Ngozi ya benchi ilikuwa imeachia ukingoni, sponji imetoa ulimi.

"Samahani, mama. Hebu inuka kidogo."

"Niinuke niende wapi? Mimi mgonjwa!"

"Nusu tu. Upande huo."

Benchi zima likaangua kicheko. Fundi alitoa misumari mfukoni, akaitupia mdomoni, akatafuta nyundo kwa macho. Mama wa kilemba akavua kiatu chenye kisigino cha mti.

"Shika. Kimeua mende wengi hicho."

Ko, ko. Ngozi ilikuwa imeanza kukaa sawa mlango ulipofunguliwa.

"Mgonjwa mpya wa titi yuko wapi?"

Muuguzi wa leo alikuwa mwingine. Macho yote yakamgeukia binti, yamejaa huruma, na muuguzi tayari amenyoosha mkono. Binti hakusogea. Hakumsaidia. Alimtazama baba yake aliyepiga goti sakafuni, kiatu hewani, mdomo umejaa.

Fundi alikishusha kiatu. Akamshika bintiye mkono, akaukunjua, akaitema misumari kiganjani mwake, mmoja mmoja, bila haraka.

"Mimi," alisema. Sauti ilikwaruza. Alipoona hakuna anayetikisika, akasimama. "Ni mimi. Titi ni langu."

Kisha mama wa kilemba akavuta miguu yake kando.

"Jamani, mpisheni mwenzetu apite."

Wakampisha. Mlangoni Fundi alimgeukia bintiye.

"Umalizie upande huo, mama. Na usikaze mno, itachanika."

Mlango ukafungwa. Misumari ilikuwa bado na joto la mdomo wake. Binti aliitazama, akaiweka kati ya midomo yake mwenyewe, akaonja chuma. Mama wa kilemba aliinuka nusu, akaivuta ngozi hadi ikanyooka, akaishikilia hapo kwa mikono miwili, akingoja.