Ngozi ya Bugondo

Shemeji yangu Desderius aliniambia nivae vizuri, maana tunakwenda kula mahali wanapokula watu. Hapo hapo nikachukia. Kwani miaka yote niliyokula kwangu nilikuwa nakula na nani, na mbwa?

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, mwaka wa tisini na tano, wakati mji wetu wa Ngara ulipojaa wazungu wa mashirika ya wakimbizi kama siafu baada ya mvua. Hoteli yenyewe ilikuwa haijamaliza mwaka. Ilikaa juu kilimani, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwakaangia wazungu hao steki. Juu ghorofani palikuwa na baraza lenye viti vya mito na meza zenye vitambaa vyeupe, na ukikaa pale unaviona vilima vya Burundi na vya Rwanda vikipandana mpaka macho yachoke. Upande mmoja, kwa mbali, moshi wa kambi. Watu walilipa kuja kutazama vilima vile. Sisi tumevitazama bure tangu tuzaliwe, tena tumeinama na jembe mkononi.

Sikwenda pale kwa ajili ya chakula. Nilikwenda kumaliza kesi. Kwetu, waliogombana wakikaa wakala pamoja mbele ya shahidi, kesi imekufa, na huwezi kuifufua hata ukikumbuka jambo kesho yake. Ndiyo maana Desderius alimleta Mzee Malongo, mwenyekiti wa kijiji chake, akamketisha katikati yetu na koti lake la misa. Mimi Desderius alinivutia kiti kinachotazama vilima. Alikuwa na adabu siku ile hata ikanitia wasiwasi.

Kesi ilikuwa ya ng'ombe. Mume wangu Audax alipofariki aliniachia ng'ombe mmoja, Bugondo, mwekundu mwenye mabaka meupe. Mimi ni mwalimu, nakaa nyumba ya shule, sina zizi. Nikamkabidhi Bugondo kwa Desderius, mdogo wake Audax, amchunge kama ilivyo desturi: maziwa anywe yeye, samadi atie kwenye migomba yake, ndama ni wangu. Na ng'ombe akifa, mchungaji humpelekea mwenye mali ngozi. Mchungaji asiye na ngozi, huyo amekula ng'ombe wa watu, hana la kujitetea. Labda kama ng'ombe ameibwa.

Basi Desderius akaja kwangu mikono mitupu, nikamdai ngozi, akalia machozi kabisa. Bugondo ameibwa, shemeji. Wakimbizi, shemeji. Akamtaja Niyonsaba, Mrundi wa kambini aliyekuwa akimlimia kwa chakula. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Niyonsaba alikuja siku ya kwanza na jembe lake begani, na hata bustani yangu aliilima vizuri kuliko mtu yeyote.

Sasa niseme lililo baya. Niliongozana na Desderius mpaka kituo cha polisi, nikamwambia afande kwamba nilimwona Niyonsaba akimzunguka Bugondo na kumkagua kama mnunuzi mnadani. Sikumwona. Nilikuwa na hasira, na mkimbizi alikuwa karibu. Wakamkamata. Tangu siku ile, wiki tatu mfululizo, mke wake Nahimana alikuwa akija kila asubuhi kukaa kwenye lango la shule. Hakunitukana wala hakuniomba. Alinitazama nikiingia darasani, basi. Kesho yake ile Jumapili ya hotelini, Niyonsaba alikuwa apelekwe mahakamani, na watu walishasema atafungiwa gereza la mbali, Biharamulo huko, ambako Nahimana hata nauli ya kwenda hana. Shahidi alikuwa mimi.

Naima, binti anayehudumu mezani, akaleta steki tatu. Nyama nene kama Biblia, na chini yake kidimbwi cha damu.

"Binti," Mzee Malongo akauliza, "huko jikoni kuni zimewaishia?"

"Ndivyo wageni wanavyoipenda, Mzee."

"Mimi si mgeni."

Lakini alikata, akatafuna. Desderius akacheka kwa sauti ili meza za jirani zisikie. Kisha akajivuna kwamba nyama yote ya hoteli hii inapitia mikononi mwake, yeye ndiye anayeleta ng'ombe, ingawa huwa anaishia kwenye mlango wa jikoni na leo ndiyo mara yake ya kwanza kupanda juu. Viatu vyake vilikuwa vipya. Sikuwa nimevitazama mpaka wakati huo.

"Mwalimu," akasema, na sauti akaishusha, "mimi na wewe ni ndugu. Mali imeibwa, mwizi amepatikana. Kula, Mzee aone, tuachane na maneno ya ngozi."

Nikamfikiria Nahimana langoni. Nikajiambia, Ildefonsa, umeshasema uliyoyasema, kula urudi nyumbani. Nikakata kipande. Nimekichoma kwa uma, nakipeleka mdomoni, nikasikia nyuma yangu mama mmoja wa kizungu anashangilia na kamera inalia. Nikageuka nione anapiga picha ya nini, maana vilima vilikuwa huku mbele.

Alikuwa anapiga picha ya ukuta. Ukutani palitundikwa ngozi ya ng'ombe, imekaushwa, imesafishwa, nyekundu yenye mabaka meupe.

Ngozi za namna hiyo ziko nyingi, nakubali. Lakini Bugondo alipokuwa mtamba aliugua ndigana, akavimba matezi, na Audax akamchoma kwa chuma cha moto begani kama wazee wanavyofanya. Audax alikuwa mwoga wa kuumiza mnyama. Mkono ulimtetemeka, alama ya pili ikateleza, ikawa ndefu imepinda mpaka karibu na shingo. Nilimcheka wiki nzima. Alama ile ilikuwa pale ukutani, imepinda vile vile, na mume wangu yuko kaburini mwaka wa tatu.

Nikaweka uma chini. Nikainuka, nikaishika ile alama kwa vidole, na hasira ikanipanda hata nikasahau wazungu.

"Naima! Niitie mwenye hoteli!"

"Shemeji, keti," akasema Desderius. "Watu wanatutazama."

"Na watazame. Si wamelipia kutazama?"

Shaban, mwenye hoteli, akapanda haraka akifuta mikono. Watu wake ni wafanyabiashara wa siku nyingi, asili yao pwani, na ninamfahamu tangu anauza sukari sokoni.

"Mwalimu Ildefonsa, kuna nini? Nyama ina kasoro?"

"Ngozi hii umeipata wapi?"

Akashangaa. "Si huyu shemeji yako? Mimi siuzi nyama nisiyoijua, namtaka ng'ombe mzima nimchinje kwa mkono wangu. Huyu Desderius alimleta mwenyewe, anatembea kwa miguu yake, wiki tatu zilizopita. Ngozi nikaipenda, nikampa fundi. Nimeitundika juzi tu."

Mzee Malongo aliacha kutafuna. Alikitoa kipande mdomoni, akakifunga ndani ya kile kitambaa cheupe, akakisukuma mbali naye.

"Ng'ombe wanafanana," Desderius akasema. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Na mkono wa kaka yako, unafanana na wa nani? Njoo hapa uguse. Njoo!"

Hakuja. Akaanza kunong'ona kwamba alikuwa na shida, kwamba alipanga kunilipa ndama wawili, kwamba yule Mrundi hata hivyo huko kambini analishwa bure. "Kula kwanza, shemeji. Haya mengine tutayamaliza nyumbani."

"Sili," nikasema. "Sikia vizuri, na Mzee asikie. Sili."

Nikaivuta ngozi ukutani, misumari ikaruka. Shaban akaniambia atakuja nyuma yangu kituo cha polisi na Mzee Malongo, kutoa maelezo yake. Ngozi ya ng'ombe mzima si kanga. Niliibeba begani na gauni langu la misa, nikashuka kilima, na njia nzima nilikuwa nikimtukana Desderius kwa Kihangaza na kwa Kiswahili. Tulipofika karibu na kituo matusi yakaniishia, nikabaki na kosa langu mwenyewe. Desderius aliiba ng'ombe. Aliyemfunga Niyonsaba ni mimi.

Nahimana alikuwa kwenye baraza la kituo, amemletea mumewe uji. Nikaitandaza ngozi mezani kwa afande. Shaban akaeleza, Mzee Malongo akaeleza. Afande akafungua jalada, akasoma, akaniinulia macho.

"Hapa Mwalimu unasema ulimwona mtuhumiwa akimkagua huyu ng'ombe."

Ningeweza kusema nilichanganya siku. Nahimana alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Sikuona kitu," nikasema. "Nilisema uongo."

Afande alinigombeza kama mtoto wa darasa la kwanza, akaandika maelezo mapya, nikatia sahihi. Askari wawili wakatumwa kumfuata Desderius. Saa kumi jioni Niyonsaba akatoka. Alikuwa amekonda, na nuru ya jua ilimfanya afumbe macho.

Njia ya kwenda kambini inapita kwangu. Niliwatangulia mbio nyumbani, nikamchinja jogoo wangu, nikapika na ndizi. Walipofika nikawashika mikono, nikawaingiza ndani, na Mzee Malongo naye akaingia, maana harufu ya jogoo ilimfikia. Nikaleta maji ya kunawa. Nikaweka sahani moja kubwa katikati.

"Karibuni," nikasema. "Tule pamoja."

Niyonsaba akaitazama sahani, akamtazama Mzee Malongo aliyeketi kama shahidi, akanitazama mimi. Mto wa mpakani unatugawa, lakini mila hiyo kwao iko vile vile. Hakunawa.

"Asante, Mwalimu," akasema. "Sili."

"Hata kidogo? Wiki tatu umekula nini huko?"

Nahimana akamshika mkono, wakainuka, wakaniaga kwa heshima zote, wakashika njia ya kambini. Nilisimama mlangoni mpaka wakapotea kwenye kona ya mikaratusi. Niliporudi ndani, Mzee Malongo alikuwa ameshanawa, amenyoosha mkono achukue paja.

Nikaiondoa sahani mbele yake.

"Acha, Mzee. Kesi haijakwisha."