Mguu wa Klachi

Mashine ya kukatia nyasi ya akina Vogelaar ilikufa mwishoni mwa mwezi wa tano, wakati ambapo nyasi za Iowa, huko Marekani, huwa hazina adabu hata kidogo, mvua usiku na jua mchana. Mashine hiyo ilikuwa imefungwa chini ya tumbo la trekta tangu enzi za baba yake Lavern. Kutu ilikuwa imelila bati lake pole pole, na asubuhi hiyo kisu kikalitoboa kabisa, kikatoa kelele ya kutisha ndege wote mitini. Lavern, mzee wa nyumba hiyo, akashuka, akainama, akaitazama kama mtu anavyomtazama mbwa wake mzee ambaye leo hakuamka. Kisha akaingia ndani kunawa mikono.

"Imekwisha," akamwambia mkewe, Ardith.

"Pole, baba," akasema Ardith, akamsogezea kahawa.

Hakusema zaidi, ingawa alikuwa amekiona kitu kingine kupitia dirisha la jikoni, na hakukiona siku hiyo tu. Tangu theluji ilipoyeyuka alikuwa akimwona mumewe kila anapotaka kukanyaga klachi, kile kikanyagio cha kushoto ambacho bila hicho trekta haliondoki wala halisimami. Goti la kushoto lilikuwa halisukumi tena. Lavern aliliwekea mikono yote miwili juu na kulikandamiza kama mtu anayefunga sanduku lililojaa nguo. Akishamaliza hutazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Ardith naye alikuwa amejifunza kuwa na kazi ya haraka kwenye sinki.

Sasa ilibidi wachague. Lavern alitaka mashine nyingine ya kufunga kwenye trekta, safari hii ile ya kukokotwa nyuma, pana, yenye visu vitatu. Ardith alitaka ile ndogo ya kukaliwa, iliyozaliwa kwa kazi ya nyasi na si nyingine. Unaikanyaga kwa mguu wa kulia inakwenda, unauinua inasimama. Klachi haina.

Lakini hilo la klachi hakuthubutu kulitamka. Huko kwao mzee akiacha kukata nyasi zake, watu huanza kumuuliza habari zake kwa sauti ya chini, na watoto wake huanza kuzungumzia kumhamishia kwenye nyumba za wazee mjini. Lavern akinunua ile ya trekta, mguu ungemkatalia kabla ya majani kupukutika, naye angemalizia siku zake kwenye kiti cha dirishani. Ardith akimwambia ukweli, basi yeye ndiye atakayekuwa amemshusha. Alitaka mumewe aichague mwenyewe ile ndogo. Hakujua vipi. Kwa hiyo walibishana juu ya mambo mengine.

"Trekta linalima bustani, linasukuma theluji, linavuta magogo," alisema Lavern. "Hicho kigari chako kinakata nyasi, basi. Nusu ya mwaka kitakaa bandani kinakula nafasi."

"Hata wewe nusu ya mwaka unakaa kwenye kiti unakula nafasi, na sijakuuza."

"Kina pa kuwekea kikombe, mama! Mtu anakata nyasi au yuko sinema?"

"Na miti yangu ya tufaha? Kila mwaka unaizunguka na hilo zimwi lako, na kila mwaka unachubua gome."

"Mti mmoja tu."

"Mmoja kila mwaka, baba. Imebaki mingapi?"

Lavern akacheka mpaka akakohoa, na mambo yakaishia hapo. Nyasi nje zikaendelea kurefuka.

Jumapili, baada ya ibada, watu waliteremka kwenye chumba cha chini ya kanisa kunywa kahawa kama kawaida. Gaylen Bruns, jirani yao wa upande wa mashariki, akamjia Ardith na kikombe mkononi. Gaylen alikuwa mgane, mtu mrefu wa maneno machache, aliyeijua kila biskuti ilitoka jiko la nani.

"Hamjambo huko?"

"Tupo tu, Gaylen. Nyasi mwaka huu zinatukimbia kwa kukua."

"Zinakimbia kweli," akasema Gaylen, akachukua biskuti nyingine, akaenda zake.

Ardith hakulifikiria tena. Alikuwa amesema kama mtu anavyosema kuna joto. Lakini alikuwa mzaliwa wa kulekule, na alipaswa kukisikia alichokisema. Watu wa huko hawaombi msaada kwa jina lake. Aliyekwama kwenye theluji husema tu kwamba theluji ya upande huu ni nene, na jirani huenda kuleta mnyororo. Mwenye mgonjwa ndani husema siku hizi hapiki sana, na jioni sahani tatu zinakuwa zimefika mlangoni. Ukilalamika mbele ya mtu mwema, umeshaomba.

Siku mbili baadaye walikwenda mjini kwa daktari wa goti. Daktari alisema mambo ambayo Lavern hakutaka kuyasikia, basi njiani kurudi walizungumzia bei ya mahindi. Gari lao, ambalo halina klachi, lilipoingia kwenye njia ya nyumba yao, Lavern akakanyaga breki katikati.

Nyasi zilikuwa zimekatwa. Uwanja mzima, kutoka barabarani hadi barazani, mistari imenyooka kama shati lililopigwa pasi. Miti ya tufaha ilikuwa imezungukwa kwa upole, bila gome hata moja kuguswa. Hata pembeni mwa kibanda cha kuni, ambapo Lavern mwenyewe alikuwa hapafikii, palikuwa safi.

"Gaylen," akasema Lavern.

"Mungu ambariki," akasema Ardith.

"Amekata zote, mama."

"Naona. Ametutendea wema."

"Wema ni mstari mmoja."

Ilikuwa kweli. Ndivyo walivyozoeana majirani wote wa barabara ile. Ukifika mpakani na mashine yako, unavuka mstari mmoja na kumkatia mwenzako kidogo, kama salamu. Ukivuka miwili, watu watasema unajipendekeza. Ukikata uwanja mzima wa mtu ambaye yuko hai na ana trekta, umemwambia amekwisha.

"Labda ni mimi, baba," akasema. "Jumapili nilimwambia zinatukimbia."

Lavern akageuka polepole. "Umeniombea msaada? Kanisani?"

"Sikuomba. Nilisema zinakimbia."

"Na kuomba kunakuwaje kwingine?"

Ardith akatazama mikono yake mapajani. Lavern akalisogeza gari hadi mlangoni, akamfungulia mkewe mlango kama alivyomfungulia siku zote, hasira au hakuna hasira, kisha akaelekea bandani kwa hatua za kuchechemea.

"Unakwenda wapi?"

"Kumshukuru."

Angeweza kwenda kwa gari. Angeweza kupiga simu. Lakini alitaka Gaylen amwone juu ya trekta. Ardith akasikia injini ikiguna, akajua mikono miwili imeshakandamiza goti, na trekta likatoka bandani na kushika njia ya mashariki. Ardith akachukua nusu ya pai ya matunda ya cheri iliyokuwa mezani, akaifunika kwa kitambaa, maana kwa jirani huendi mikono mitupu hata ukienda kuzuia vita, akafuata kwa miguu kando ya shamba.

Alipofika kwenye uzio wa Gaylen akasimama.

Lavern alikuwa anazunguka. Alikuwa ameingia uwanjani kwa Gaylen kwa mwendo wa gia ya chini, akafika mbele ya baraza ambapo mtu husimama, na hakusimama. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, na mmoja peke yake haukutosha kulikandamiza goti. Angeweza kuzima injini kwa ufunguo. Ardith alielewa mara moja kwa nini hazimi. Akizima itabidi aiwashe tena, mikono miwili juu ya goti, mbele ya macho ya Gaylen. Basi alikuwa akizunguka, mgongo umenyooka, kofia imekaa sawa, kama mtu aliyekuja kukagua kamba ya kuanikia nguo.

Gaylen akatoka mlangoni, kitambaa cha kufutia mdomo bado kiko shingoni. Akalitazama trekta likipita mara ya kwanza. Lilipokuja tena akakivua kile kitambaa, akakiweka juu ya nguzo ya baraza, akateremka na kuanza kutembea kando ya gurudumu kubwa.

"Lavern."

"Gaylen."

"Mahindi yako ya kando ya barabara yameota vizuri."

"Si mabaya."

"Wanasema mvua tena Alhamisi."

"Itatufaa," akasema Lavern, ingawa mashamba yote yalikuwa yakielea.

Wakaipita kamba ya nguo. Wakayapita maua ya marehemu Doris, mke wa Gaylen, ambayo Gaylen aliyafungia vijiti ili yasianguke kwa uzito wake. Gaylen alikuwa akitembea mikono nyuma, bila haraka, kama mtu anayetoka kanisani na mwenzake. Ardith alimwangalia sana kutoka kwenye uzio. Gaylen hakulitazama lile goti hata mara moja.

"Nasikia kitu kwenye injini yako," akasema Gaylen. "Hebu tuzime kidogo, tusikilize."

Akanyoosha mkono wake mrefu, akazungusha ufunguo. Kimya kikatanda uwanjani. Gaylen akainamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Hamna kitu," akasema. "Masikio yangu haya."

Lavern akabaki ameketi juu, ameushika usukani wa trekta lisilokwenda. Uso ulikuwa mwekundu.

"Nimekuja kukushukuru," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuja kupigana.

"Naona," akasema Gaylen. Akakwaruza udongo kwa ncha ya kiatu. "Mwaka ule Doris alipougua, ulinikatia nyasi kiangazi kizima. Unakumbuka?"

"Si kitu."

"Nilikuchukia mpaka mwezi wa tisa."

Lavern akamtazama. "Hukusema."

"Ningesemaje? Ulikuwa unazikata vizuri. Nilikuwa nasimama nyuma ya pazia nikitafuta ulipoacha, nikutukane kimoyomoyo. Hukuacha hata unyasi."

"Mimi sikutaka kusema uwanja wako ni mchafu, Gaylen."

"Ulikuwa mchafu. Na wako pia ulikuwa mchafu."

Bega la Lavern likaanza kutikisika, na Ardith kule kwenye uzio akashika pai kwa nguvu, hajui kama mumewe analia. Alikuwa anacheka. Gaylen naye akacheka, kicheko kikavu ambacho Ardith alikuwa hajakisikia tangu mazishi ya Doris.

"Njoo na hiyo pai, mama," akaita Lavern bila kugeuka. "Umesimama hapo siku nzima kama kunguru."

Ardith akaja. Gaylen akaipokea pai kwa mikono miwili, akafunua kitambaa kuchungulia, akasema ni cheri, jambo ambalo wote watatu walilijua. Lavern akashuka kwa shida upande wa kulia, na Gaylen akawa ameshageuka kuitazama pai kwa karibu zaidi mpaka miguu yote miwili ilipofika chini.

"Hivi bado unaweza kuendesha kitu hiki?" Lavern akamuuliza mkewe.

"Nimeendesha cha baba yangu kabla sijakujua wewe wala kofia yako."

"Basi kirudishe nyumbani. Mimi nitakuja kwa miguu. Na usichubue mti."

"Umebakiza mti?" akasema Ardith, akapanda.

Kesho yake walikwenda kwa Denny Roelofs, muuza mashine, mtu mnene mwenye mikanda miwili ya kushikilia suruali moja. Njia nzima Lavern hakusema anakwenda kununua nini, na Ardith hakuuliza. Walipofika, Lavern akaenda moja kwa moja kwenye ile pana ya kufunga nyuma ya trekta. Ilikuwa mpya, inang'aa. Akaipapasa kwa kiganja. Ardith akauma ulimi, akautazama mkoba wake.

"Nzuri hiyo," akasema Denny. "Trekta lako lina nguvu bado. Litaivuta bila kuhema."

"Trekta lina nguvu," akasema Lavern. Kwenye kaunta walikuwapo wakulima wawili wanaowafahamu, wamekuja kununua mikanda ya mashine. Lavern hakushusha sauti. "Mguu ndio hauna. Huu wa kushoto. Klachi imenishinda, Denny."

Wale wakulima wakaendelea kupima mikanda yao. Denny hakusema pole, wala hakumtazama Ardith kama watu wanavyomtazama mke wa mgonjwa. Aliitikia tu kwa kichwa kama aliyeambiwa namba ya kiatu.

"Basi si huku," akasema. "Twende upande ule."

Ile ndogo ilikuwa imesimama karibu na mlango mkubwa, uliokuwa wazi. Lavern akaizunguka, akaligonga bati lake kwa kifundo cha kidole, akahema, akaketi. Denny akamwelekeza vitu viwili vitatu na kurudi nyuma. Mashine ikaunguruma. Lavern akaweka mguu wa kulia, nayo ikaruka mbele ghafla, kofia nusura imtoke, akatoka nje uwanjani kati ya mashine kubwa za kuvunia mahindi, akapotea nyuma yake.

"Anakwenda wapi?" akauliza Denny.

"Mwache," akasema Ardith.

Wakasikiliza mlio ukienda mbali, ukazunguka nyuma ya ghala, ukarudi. Lavern akatokea upande wa pili akija moja kwa moja kuelekea kwao, uso umekunjamana kwa uangalifu. Ardith hakusogea. Alipomfikia, karibu kabisa na viatu vyake, Lavern akauinua mguu.

"Inasimama," akasema.

"Naona, baba," akasema Ardith.