Shuka Zisizokung'utwa

Kaluki alitoa shuka kwenye beseni, akaikamua, kisha akaitandaza kwenye kamba ya juu ya paa polepole kama anayemfunika mtoto aliyelala. Mama fua yeyote huikung'uta kwanza mpaka ilie, mikunjo iishe. Yeye aliacha wiki tano zilizopita.

Wapangaji nao walichoka. Jackie, msimamizi wa ghorofa hiyo ya Mugutha, alipanda kumwambia kwamba shuka zinatoka kama zimetafunwa na ng'ombe. Zikitoka hivyo tena leo, kesho anamwita Mwongeli, mama fua mwingine, achukue kazi. Kaluki aliinamia beseni. Sababu hakuweza kuitaja. Mtaa mzima unafuga kuku, na mwewe hapa hupokewa kwa mawe.

Jackie alikuwa amepanda na wageni wawili wenye darubini, Absalom na Wamboi, watazamaji wa ndege kutoka Ruiru mjini. Mwezi mzima walikuwa wakimwona mwewe adimu akiwinda popo mtoni jua likizama, lakini kiota chake kiliwashinda. Waliomba kutazama kutoka juu.

"Ngojeni kwanza nimwonyeshe huyu kazi," Jackie alisema, akanyakua shuka yenye maji na kuinua mikono.

Kaluki alimshika mkono. Alijishangaa mwenyewe.

"Usikung'ute, madam. Anashtuka anaruka, yai linabaki kwa baridi."

Jackie aliishusha shuka taratibu. Kaluki aliwageukia wageni. Absalom alikuwa amesimama tuli, ameibana zipu ya begi isilie. Mwenye mawe mfukoni hasimami hivyo. Basi akawaonyesha mkaratusi ng'ambo ya ukuta.

"Fuata lile tawi jeupe mpaka ligawanyike."

Wamboi alitazama, kisha akampa Absalom darubini, machozi yakimlengalenga. Walikuwa wamepita chini ya mti huo mara ishirini.

"Ni yeye," Absalom alinong'ona. "Na hana haja na kuku wa mtu, mama. Huyu chakula chake ni popo."

Kaluki alicheka kwa furaha, huku ameziba mdomo kwa aproni. Wiki tano alikuwa akiibeba siri hiyo peke yake.

Zamu ya Jackie ilipofika, alilalamika kwamba haoni kitu. Kaluki akamgeuza bega kidogo. Wakati huohuo ndege aliinuka, na chini yake kikachomoza kichwa kidogo cheupe. Yai lilikuwa limeanguliwa.

Jackie alishusha darubini.

"Kila mpangaji ana pasi kwake," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Wapige pasi wenyewe."

Kule kwenye tawi mama mwewe alijipangusa manyoya, akajishusha taratibu, na kile kichwa cheupe kikatoweka chini ya kifua chake.