Mwalimu Aliyeibia Mtihani

Kwa miaka arobaini, mwalimu mkuu yule, sasa mstaafu, hakumsamehe mwanafunzi aliyechungulia daftari la jirani. Siku hiyo, katika chumba kidogo cha kupimia masikio, alichungulia yeye.

Aliagizwa abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Sikio la kulia halikumpa taabu. Zamu ya kushoto ilipofika, alisikia ule mvumo kama wa nyuki tu, uliomwandama miezi mitatu pamoja na kuyumba kila ainukapo. Lakini katika kioo cha dirisha la chumba kilionekana kidole cha mpimaji kikigusa mashine. Kila kidole kiliposhuka, naye alibonyeza. Hakuwahi kushindwa mtihani, na uzee haukuwa sababu ya kuanza.

"Masikio mazima, mzee," mpimaji akasema.

Nje aliketi na mjukuu wake, aliyemlea tangu utotoni. Alipogeuka kushoto, alimkuta analengwalengwa na machozi.

"Kulikoni?"

"Nimekwambia jambo, babu. Mara mbili."

"Ungepaza sauti."

"Si umeambiwa masikio mazima?" Akamkazia macho. "Babu! Umeibia?"

Mzee akainama. "Kidole chake kilionekana kiooni."

"Wewe, uliyemchapa baba kwa kuibia hesabu!"

"Alistahili."

Mjukuu akacheka huku akijifuta machozi. "Basi rudi ukafanye kwa haki. Habari yangu haipewi mwizi."

Mzee akagonga mlango, akavua kofia, akakiri. Safari hii alikipa kioo kisogo. Sikio la kushoto likaanguka vibaya, na kwa kuwa la kulia lilikuwa zima, daktari aliyesoma majibu aliingiwa na shaka, akaagiza picha ya kichwa.

Wiki iliyofuata aliwaonyesha pichani kidoa cheupe, kidogo kuliko harage.

"Ni uvimbe, mzee wangu, ila si saratani. Umeota kwenye mshipa wa fahamu unaobeba usikivu na kutuweka wima. Hukua polepole. Tutaupiga picha tena baada ya miezi sita."

"Na kama ningekwenda zangu na yale majibu ya kwanza?"

"Uvimbe ungekua tusijue."

Mjukuu akazunguka kiti, akaja upande wa kulia, akamnong'oneza:

"Kitukuu wako yuko njiani, babu."

Mzee akafumba macho.

"Rudia."

"Hukusikia?"

"Nimesikia. Rudia."